Dagaa: Asili na Maana ya Jina Lake



Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya umoja wetu, wenzetu wameandika habari za mahindi, za maharage, za ghala na za hisa. Sisi tumepewa kurasa chache za mambo ya historia, nasi tumechagua kuandika habari za jina moja tu, nalo ni dagaa. Huenda wako watakaoona kuwa ni jambo dogo mno kwa sherehe kubwa kama hii. Twawaomba wavumilie kidogo, kwa maana jina hilo dogo liliwahi kututia hasara, na karibu liuvunje umoja huu kabla haujatimiza hata miaka 4.

Sisi watu wa Ufipa hatuhitaji kufundishwa ya kuwa jina lina maana. Mji wetu mkuu ni Sumbawanga, na kila mgeni afikaye huelezwa kwamba maana yake ni "tupa uchawi". Wilaya yetu ya Nkasi imepata jina lake katika Nkansi, mojawapo ya tawala za kale za Wafipa. Hata ile meli mashuhuri iitwayo Liemba ilipewa jina la kale la upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika, jina ambalo David Livingstone alilisikia alipofika huko mwaka 1867. Majina ya miji, ya watawala na ya meli twayauliza asili yake. Lakini jina la kitoweo kilicho ndani ya chungu hatuliulizi, kwa sababu twalitamka kila siku.

Kate yetu iko juu ya uwanda. Upande wa magharibi, chini kabisa, liko Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako kiasi cha mita 773 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki liko bonde la Rukwa pamoja na ziwa lake. Sisi tuko katikati, na mahali pengi pa uwanda huu hupita mita 1,800. Kwa hiyo kila dagaa aliyeliwa Kate amepanda mlima. Zamani alipanda kichwani mwa mtu, ndani ya kikapu. Kisha alipanda juu ya baiskeli. Siku hizi hupanda kwa lori kutoka Kirando, Kipili na Wampembe. Na njia hiyo hiyo aliyopandia dagaa ndiyo iliyoteremsha mahindi na maharage yetu kwenda ziwani, ambako ardhi ya kulima ni haba na watu ni wengi. Biashara ya mlima na ziwa ni ya zamani kuliko chama chochote cha ushirika.

Sasa tueleze yaliyotupata. Katika mwaka wa tatu wa umoja wetu, wanachama waliazimia katika mkutano mkuu kwamba duka letu liwe na dagaa wakati wote, ili mama wa nyumbani asilazimike kungoja siku ya mnada. Halmashauri iliagiza magunia 12 kwa mfanyabiashara mmoja, ambaye hatutamtaja. Karatasi ya maagizo tuliiandika sisi wenyewe kwa mkono wetu, na katika mstari wa bidhaa tuliandika neno moja: dagaa. Bei tuliyokubali ilikuwa ile ya dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao madukani huitwa dagaa wa Kigoma.

Magunia yalipofika na kufunguliwa, waliomo hawakuwa wale tuliowazoea. Walikuwa wembamba, wenye mchanga mwingi, na walipopikwa walikuwa na uchungu kidogo. Walikuwa dagaa wa Ziwa Victoria, waitwao madukani dagaa wa Mwanza, ambao bei yao ni ya chini. Tulimwendea yule mfanyabiashara na karatasi mkononi. Naye aliisoma, akaturudishia, akasema kwa upole: "Mliandika dagaa. Nami nimeleta dagaa." Hatukuwa na la kujibu. Kwa karatasi ile, haki ilikuwa yake.

Mkutano uliofuata ulikuwa mkali. Wako waliosema kwamba viongozi wamekula tofauti ya bei. Wako waliotaka kurudishiwa hisa zao siku ile ile. Mwishoni alisimama bibi mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, ambaye katika ujana wake alikuwa akishuka ziwani kwa miguu kubadilisha maharage kwa samaki. Alisema: "Katibu, mwanangu, wewe hukununua samaki. Wewe ulinunua jina." Watu walicheka, na ghadhabu ikapungua. Lakini sisi hatukucheka. Tulirudi nyumbani tukijiuliza, jina hili ambalo tulilinunua kwa fedha za wenzetu, maana yake hasa ni nini, nalo lilitoka wapi?

Tuanze na asili ya neno lenyewe. Ukimsikiliza Mrundi akimtaja samaki huyu, atasema indagara, au ndagala. Nchini Kongo utasikia pia ndakala. Sisi katika Kiswahili twasema dagaa. Mtu asiyechunguza atadhani kwamba maneno hayo yamefanana kwa bahati, au kwamba Warundi wamelichukua neno la Kiswahili na kulipindua. Lakini lugha ina sheria zake, kama vile ushirika ulivyo na sheria zake.

Kiswahili kina desturi ya kuidondosha herufi l ya kale iliyokuwa kati ya irabu mbili, hasa mwishoni mwa neno, na irabu zile mbili hubaki zimekaa pamoja. Lugha nyingi za jamaa yake huihifadhi herufi ile, nyingine kama l, nyingine kama r. Sisi twasema njaa. Mganda asema enjala. Mbemba wa Zambia asema insala. Mrundi asema inzara. Sisi twasema kutwaa. Mganda asema okutwala. Mrundi asema gutwara. Sisi twasema kuzaa. Mganda asema okuzaala. Hata huko huko pwani, jirani zetu Wagiriama, pale sisi tusemapo kukaa, wao husema kukala. Basi weka maneno mawili sambamba: inzara ya Kirundi ni njaa ya Kiswahili, na indagara ya Kirundi ni dagaa ya Kiswahili. Mwendo ni ule ule mmoja. Zile a mbili zilizo mwishoni mwa dagaa ni kaburi la herufi iliyokufa.

Katika hilo twajifunza jambo la pili. Herufi ikisha dondoka haijui njia ya kurudi. Kama watu wa ziwani wangalilipokea neno hili kutoka kwa misafara ya pwani, ile iliyofika Ujiji katika karne ya 19, wangalilipokea likiwa limekwisha pungukiwa, nao wangalisema dagaa kama sisi. Lakini wao wanayo ile l, au ile r, nzima. Kwa hiyo neno hili halikuletwa ziwani na msafara kutoka pwani. Ni neno la ukoo wa lugha zetu za Kibantu, nao waliokaa kando ya ziwa wamelihifadhi katika umbo lake kongwe kuliko sisi tunaosema Kiswahili. Jambo hilo latupasa kulisema kwa furaha, maana mara nyingi watu hudhani kwamba kila neno zuri la Kiswahili lilipanda kutoka baharini.

Na maana yake je? Hapa ndipo ulipo ufunguo wa kosa letu. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, iliyotengenezwa chini ya Frederick Johnson, yalieleza neno dagaa kuwa ni samaki wadogo sana, walio bado katika mwanzo wa kukua. Haitaji aina ya samaki, wala haitaji maji fulani. Hata leo, ukienda Unguja, utaonyeshwa dagaa walioanikwa, nao ni samaki wa baharini. Ukienda Mwanza, utaonyeshwa dagaa wa Ziwa Victoria. Ukienda Kirando, utaonyeshwa dagaa wa Ziwa Tanganyika. Wote ni dagaa, na hakuna anayesema uwongo. Kwa maana hiyo dagaa si jina la kabila moja la samaki. Ni jina la kimo na la wingi: samaki aliye mdogo hata hahesabiwi mmoja mmoja, bali hupimwa kwa kopo, kwa sado, kwa debe na kwa gunia.

Wataalamu wa viumbe, ambao wao huandika majina yasiyochanganyika, wametupa tofauti iliyo wazi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni aina mbili. Ya kwanza yaitwa Stolothrissa tanganicae, ambayo urefu wake ni kiasi cha sentimita 7 mpaka 10. Ya pili ni Limnothrissa miodon, ambayo huweza kufika sentimita 17. Aina zote mbili ni za jamaa ya samaki wa baharini, ndugu zao simu. Na asili yao ni Ziwa Tanganyika peke yake duniani. Dagaa wa Ziwa Victoria ni Rastrineobola argentea, naye si ndugu yao hata kidogo, kwa kuwa yeye ni wa jamaa ya samaki wa mitoni na maziwani, ambayo haina asili baharini. Wakenya humwita omena, na Waganda humwita mukene. Basi siku ile dukani kwetu, yule mfanyabiashara alituletea mgeni kabisa, aliyevaa jina la mwenyeji.

Tena iko dhana moja iliyoenea hapa kwetu ambayo yafaa tuisahihishe, nayo yatokana na ile maana ya kale ya neno. Watu wengi hudhani kwamba dagaa ni watoto wa samaki wakubwa, na kwamba wakiachwa majini watakuwa migebuka. Sivyo. Dagaa aliyekomaa ni mtu mzima katika kabila lake. Huzaa akiwa na udogo ule ule, na Stolothrissa huishi kiasi cha mwaka mmoja au kupita kidogo. Mgebuka si mzazi wake, bali ni adui yake, maana humla. Ila ni kweli kwamba nyavu za dagaa hukamata pia vitoto vya mgebuka, navyo huanikwa pamoja na dagaa na kuuzwa kwa jina lile lile. Hapo jina hufunika tena jambo lisilo jema: tunakula mgebuka wa mwakani bila ya kujua.

Uvuvi wake pia wafaa kutajwa, kwa kuwa watoto wetu wa mlimani hawajauona. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Zamani wavuvi waliwasha moto wa kuni au wa nyasi katika mtumbwi, dagaa wakaufuata mwanga, wakachotwa kwa wavu wenye mpini uitwao lusenga. Baadaye, kuanzia miaka ya 1950, zikaja taa za karabai na nyavu kubwa za kuinuliwa. Siku hizi wengi hutumia taa za betri na za nguvu ya jua. Lakini sheria ya giza haikubadilika: mbalamwezi ikiwaka, mwanga wa taa hauna nguvu, na wavuvi hupumzika. Asubuhi dagaa huanikwa mchangani, au juu ya vichanja. Wa vichanja ni safi. Wa mchangani huja na mchanga, na mchanga hupimwa kwenye mizani kama samaki. Kwa miaka mingi magunia ya dagaa hao yalisafirishwa na ile meli ya Liemba. Wajerumani waliileta ziwani wakaiita Graf von Götzen, ikaanza kazi mwaka 1915, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916; ikaopolewa mwaka 1924, na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya.

Sasa twaomba msomaji alitazame jambo moja la ajabu. Samaki huyu wa kwetu amepata kusafirishwa kwenda maji mengine. Miaka ya 1958 mpaka 1960 vitoto vya dagaa wa Tanganyika vilipelekwa Ziwa Kivu, na Limnothrissa akastawi huko. Leo watu wa Kivu humwita sambaza. Mwaka 1967 na 1968 alipelekwa katika bwawa la Kariba. Huko Zambia humwita kapenta, na Wazimbabwe humwita pia matemba. Kutoka Kariba aliufuata mto Zambezi mwenyewe, pasipo kubebwa, akafika bwawa la Cahora Bassa nchini Msumbiji. Basi huko kote samaki alifika, lakini jina la dagaa halikumfuata. Na katika Ziwa Victoria mambo yakawa kinyume: jina lilifika, lakini samaki wetu hakufika.

Hilo ndilo fundisho tulilolitafuta tangu siku ya mkutano ule. Samaki na jina lake husafiri kwa njia mbalimbali. Jina huchukuliwa na vinywa vya watu. Samaki huchukuliwa na maji, au na ndoo. Mtu ashikaye jina peke yake asidhani kwamba ameshika samaki. Kwa mlaji aliye kando ya ziwa hapana shida, kwa kuwa yeye humwona samaki akitoka majini. Shida ni yetu sisi tulio mbali na maji, ambao hatuna cha kushika ila jina lililoandikwa juu ya gunia. Kadiri bidhaa inavyopanda mlima, ndivyo jina linavyozidi kuwa na kazi kubwa.

Kwa sababu hiyo halmashauri yetu ilibadili vitabu. Tangu mwaka wa nne, hakuna karatasi ya maagizo ya umoja huu iliyoandikwa dagaa peke yake. Huandikwa dagaa wa ziwa gani, wa mwalo gani, wa kichanja au wa mchangani. Na gunia moja katika kila shehena huchekechwa mbele ya wanachama wawili, ili mchanga upimwe mbali na samaki. Wala hatuwadharau dagaa wa Ziwa Victoria. Ni chakula chema, na mwenye fedha kidogo huwanunua kwa hiari yake. Duka letu huwauza kwa jina lao na kwa bei yao. Haki si kuwakataa. Haki ni kuwataja.

Twapenda kukiri hapa, katika kitabu kitakachobaki nyumbani kwa wanachama, kwamba hasara ya mwaka ule ilitokana na kalamu yetu. Hapakuwa na aliyekula fedha. Palikuwa na katibu aliyedhani kwamba neno analolijua tangu utotoni halihitaji maelezo. Wanachama walikubali hasara igawanywe, na wale waliokuwa wakidai hisa zao, isipokuwa wachache, walibaki. Kama wangaliondoka wote siku ile, leo hapangekuwa na sherehe hii.

Liko jambo la mwisho. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa upande wa nchi yetu, kufuatana na makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa hilo, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Katika miezi ile mitatu wengi wetu tulinung'unika kwamba dagaa wa ziwani wameadimika na bei imepanda. Lakini tukumbuke kwamba dagaa wa Kivu na wa Kariba ni vijukuu vya ziwa hili. Huko wanakula mavuno ya mbegu iliyotoka kwetu. Yatupasa nasi kuitunza mbegu hiyo. Jina la dagaa lilikuwapo kabla yetu, nalo litaendelea kuwapo, hata kama litavikwa samaki mwingine. Samaki mwenyewe ndiye asiye na hakika.

Watu hupenda kumwita mnyonge dagaa, na mwenye nguvu papa. Sisi hatuoni aibu kwa jina hilo. Mkulima wa magunia 5 ya mahindi ni dagaa mbele ya soko, nasi tulijiunga miaka 10 iliyopita kwa sababu tulijua kwamba dagaa hana thamani akiwa mmoja. Thamani yake huonekana anapojaza debe. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Twaongeza neno moja tu: kibaba kikisha jaa, kiandikwe kwa jina lake kamili, ili anunuaye asidanganyike, wala auzaye asione haya.

Twawatakia wanachama wote heri ya miaka 10, na mavuno mema ya mlima na ya ziwa.